Maegesho ya Mbele ya Nyumba Yako Uingereza: Haki Zako na Hatua za Kufuata

Maswali ni yale yale kila mara. Jirani anaegesha mbele ya mlango wangu, nimfanyeje? Nimelipia kibali, mbona nafasi sipati? Wageni wa msiba wamepigwa faini, tunaweza kupinga? Mwongozo huu ni kwa Mswahili aliyehamia kwenye nyumba ya mtaani, iwe Leicester, Reading, Milton Keynes au London, na anataka kujua aanzie wapi. Utaratibu unaoelezwa ni wa England. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini wana tofauti zao, kwa hiyo ukiwa huko soma kwanza tovuti ya kaunsili yako.

Jambo la kulishika kabla ya yote ni hili: barabara iliyo mbele ya nyumba yako si yako, hata kama nyumba umeinunua. Mtu yeyote mwenye gari lenye kodi, bima na MOT (cheti cha ukaguzi wa gari) anaweza kuegesha chini ya dirisha lako ikiwa hakuna mstari wala kibao kinachomkataza, akaliacha hapo wiki nzima bila kuvunja sheria. Kibali cha mkazi nacho hakikugawii kipande cha barabara. Kinakuruhusu kutafuta nafasi ndani ya zoni yako, yaani eneo la maegesho ulilopangiwa na kaunsili, basi. Haki ulizonazo zipo kwingine: kwenye njia ya kuingizia gari nyumbani, kwenye kusikilizwa kabla kaunsili haijabadilisha sheria za mtaa, na kwenye kupinga faini. Huko ndiko nguvu zako ziende.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kadi ya gari, V5C, yenye jina lako na anwani ya sasa.
- Uthibitisho wa makazi: mkataba wa pango, bili ya kodi ya kaunsili, au bili ya umeme au gesi ya karibuni.
- Cheti cha bima chenye anwani hiyo hiyo.
- Ikiwa gari ni la kazini au la kukodi kwa muda mrefu, barua ya mwajiri au ya kampuni inayotaja jina lako, anwani yako na namba ya gari.
- Simu yenye kamera. Picha zitakufaa kuliko maneno.
- Jina la zoni yako. Limeandikwa kwenye kibao kilicho karibu na nafasi za kuegesha, kwa kawaida herufi moja au mbili, pengine na tarakimu.

Hatua ya 1: Jua barabara ni ya nani

Usiruke hatua hii, kwa sababu kila kinachofuata kinaitegemea. Kaunsili inayosimamia barabara hutunza orodha ya barabara zote inazozihudumia kwa fedha za umma, na sheria ya barabara ya mwaka 1980 inakupa haki ya kuiona bila malipo. Nyingi zimeiweka mtandaoni.

Barabara yako ikiwa kwenye orodha, faini na vibali ni mambo ya kaunsili. Isipokuwemo, kama ilivyo kwa viwanja vingi vya maghorofa na nyumba mpya, maegesho yanaendeshwa kwa mkataba na mwenye ardhi au kampuni aliyoiajiri. Hapo kosa la kawaida ni kuchanganya karatasi mbili. Ya kaunsili na ya kampuni binafsi zote hufupishwa PCN, na zote huweza kuja kwenye bahasha ya plastiki iliyobandikwa kiooni. Ya kaunsili huitwa Penalty Charge Notice na inatokana na sheria. Ya kampuni huitwa Parking Charge Notice, nayo ni dai la fedha la kimkataba, ambalo rufaa yake huenda kwenye moja ya vyombo viwili vya rufaa, POPLA au IAS, kutegemea chama cha kampuni hiyo. Tangu tarehe 1 Oktoba 2012 kampuni binafsi hairuhusiwi kulifunga gari lako mnyororo wala kulivuta kwenye ardhi ya mtu binafsi bila mamlaka ya kisheria.

Hatua ya 2: Soma vibao na mistari, kila kimoja peke yake

Ndani ya zoni ya maegesho, saa za mstari mmoja wa njano zimeandikwa kwenye vibao vikubwa vya kuingilia zoni, huenda mbali kabisa na nyumba yako. Usipoona kibao kando ya mstari huo, usidhani uko huru. Mistari miwili ya njano inakataza kusubiri saa zote. Vistari vifupi vya njano vilivyopakwa juu ya ukingo wa barabara vinakataza kupakia na kushusha mizigo.

Sehemu za kuegesha zina vibao vyake. Soma saa, siku na aina: kuna za wakazi pekee, za kulipia, na za mchanganyiko. Karibu na viwanja vya michezo, kama Wembley, zipo siku za matukio ambapo saa hurefuka mpaka usiku. Anayeishi huko aangalie ratiba ya mechi na matamasha kabla ya kualika watu.

Jingine: London nzima, kupandisha gari juu ya njia ya waenda kwa miguu kumekatazwa tangu sheria ya mwaka 1974, isipokuwa pale penye kibao kinachoruhusu. Tairi moja tu juu ya ukingo linatosha kukupatia faini.

Hatua ya 3: Hakikisha anwani yako inastahili kibali

Fanya hivi kabla ya kusaini mkataba wa pango. Nyumba nyingi zilizojengwa au kugawanywa karibuni zimeruhusiwa na idara ya mipango miji kwa sharti kwamba wakazi wake wasipewe vibali. Dalali hatakwambia usipouliza. Ingiza postikodi na namba ya nyumba kwenye ukurasa wa vibali wa kaunsili, au piga simu uulize hivi hasa: “Anwani hii inaruhusiwa kupewa kibali cha mkazi?” Omba jibu kwa barua pepe. Sharti hilo likiwepo, hakuna barua ya daktari wala ya mwajiri itakayoliondoa kirahisi.

Hatua ya 4: Badilisha anwani kwenye V5C, kisha omba kibali

1. Ingia tovuti ya DVLA, mamlaka ya leseni za madereva na magari, ubadilishe anwani ya kadi ya gari. Ni bure. Kutobadilisha kunaweza kukugharimu faini ya hadi pauni 1,000, na ombi la kibali litakwama.
2. Badilisha anwani ya leseni ya udereva na ya bima siku hiyo hiyo.
3. Omba kibali cha muda ikiwa kaunsili yako inacho, wakati unasubiri kadi mpya.
4. Jaza ombi la kibali cha mwaka. Kaunsili nyingi hupanga bei kwa kiwango cha moshi wa gari, na gari la pili la nyumba hiyo hutozwa zaidi.
5. Hakiki namba ya gari herufi kwa herufi. Namba za Uingereza tangu 2001 zina herufi mbili, tarakimu mbili, halafu herufi tatu. Kwa hiyo duara lililo nafasi ya tatu au ya nne ni sifuri, na lililo kwingine ni herufi O. Kosa hili dogo huzaa faini nyingi kuliko unavyofikiri, maana siku hizi vibali vingi havibandikwi kiooni; afisa wa maegesho anaingiza namba kwenye mashine na mashine haibahatishi.
6. Weka kikumbusho simuni wiki tatu kabla ya kibali kuisha. Usitegemee barua.

Kibali hakizidi zoni yake. Mtaa wa jirani ukiwa na herufi nyingine kwenye kibao, huko wewe ni mgeni kama wengine.

Hatua ya 5: Panga maegesho ya wageni mapema

Hapa ndipo nyumba zetu zinapoumia. Siku ya Idi, hitima, posa au msiba, magari kumi na tano yanafika mtaa wenye nafasi nne, na jioni kila mmoja ana karatasi kiooni. Yote haya yanazuilika.

Fungua akaunti ya vocha za wageni siku ile ile unapopata kibali, hata kama hutarajii mtu. Kaunsili nyingi huruhusu mkazi asiye na gari kununua vocha pia, kwa hiyo bibi anayeishi peke yake naye afunguliwe. Idadi ya vocha kwa mwaka ina kikomo. Usizimalize kwa fundi wa bomba ukabaki mkono mtupu siku ya shughuli.

Vocha za karatasi hukwanguliwa tarehe, mwezi na saa. Kwangua zote, na uiweke mahali inaposomeka kwa nje. Ikianguka chini ya kiti ni sawa na kutokuwepo. Vocha za mtandaoni zinahitaji namba ya gari la mgeni, basi katika ujumbe wa mwaliko waombe wageni wakutumie namba zao usiku wa kabla. Chagua mtu mmoja, kijana mwepesi wa simu, kazi yake iwe hiyo tu: kuingiza namba, kuangalia saa zinapoisha, na kuongeza.

Msiba hauna taarifa. Kwa msiba, piga simu kitengo cha maegesho cha kaunsili asubuhi hiyo hiyo, eleza ni mazishi, na uulize kama wanatoa ruhusa ya siku. Baadhi hutoa, na sauti ya binadamu husaidia. Uliza pia imamu au mchungaji kama kuna kiwanja cha msikiti au kanisa kilicho wazi. Sufuria za biriani zinaweza kushushwa kwenye mstari wa njano ikiwa ukingo hauna vile vistari vya njano, mradi kazi ya kushusha iendelee bila kusita. Dereva akiingia ndani kula, gari limeegeshwa. Saa za zoni zikiwa, tuseme, saa nne mpaka saa sita mchana, panga hitima ianze baada ya saa sita. Mabadiliko ya dakika thelathini yanaweza kuwaokolea wageni wako mamia ya pauni.

Tahadhari moja nzito: usiuze wala kuazima vocha kwa mfanyakazi wa ofisi ya karibu. Kaunsili hufungua mashtaka kwa hilo, na utanyang'anywa vibali vyote.

Hatua ya 6: Linda njia ya gari lako

Ukingo ulioshushwa (dropped kerb) mbele ya nyumba, ule ulioteremshwa ili gari lipite, ndio unaokupa ulinzi wa kweli. Sheria ya usimamizi wa barabara ya mwaka 2004 inaruhusu kaunsili kumtoza anayeegesha mbele ya ukingo huo, hata pasipo na mstari wa njano. Kwa nyumba ya mtu mmoja, afisa kwa kawaida huchukua hatua mwenye nyumba akilalamika, kwa sababu gari lile linaweza kuwa la mgeni wako. Kwa hiyo piga simu; usisubiri afisa apite. Ikiwa gari lako liko ndani na huwezi kutoka, polisi pia wana mamlaka ya kushughulikia kizuizi: piga 101, si 999.

Mstari mweupe wenye umbo la H ni ombi la heshima tu. Unaweza kuulipia, na madereva wengi wanauheshimu, ila wenyewe peke yake hautozi mtu faini.

Kama huna ukingo ulioshushwa na unautaka:

1. Pima uwanja wa mbele. Kaunsili nyingi zinataka angalau mita 4.8 kwenda ndani na 2.4 upana, ili gari lisitokeze kwenye njia ya watu.
2. Angalia kama kuna mti, nguzo ya taa, kituo cha basi au nafasi ya wakazi mahali hapo. Hivi ndivyo vinavyosababisha kukataliwa.
3. Kama ni mpangaji, pata idhini ya mwenye nyumba kwa maandishi.
4. Barabara ikiwa ya daraja A, B au C, au nyumba ikiwa fleti, utahitaji pia kibali cha mipango miji.
5. Ukisakafia zaidi ya mita za mraba 5 mbele ya nyumba kwa saruji isiyopitisha maji, na maji hayaelekezwi kwenye bustani yako, ruhusa ya mipango miji inahitajika tangu Oktoba 2008. Tumia kokoto au vigae vinavyopitisha maji.
6. Tuma ombi. Ada ya ombi kwa kawaida hairudishwi ukikataliwa.
7. Mwache mkandarasi aliyeidhinishwa na kaunsili afanye kazi. Fundi wa bei nafuu akivunja ukingo bila idhini, utalipa kuvunja na kurudisha.

Hatua ya 7: Sikika kabla sheria ya mtaa haijabadilika

Kaunsili ikitaka kuanzisha zoni, kwa kawaida hutuma kwanza dodoso nyumba kwa nyumba, kisha tangazo rasmi ambalo lazima lichapishwe. Mara nyingi hubandikwa pia kwenye nguzo za taa. Una siku 21 za kupinga, kwa maandishi na kwa sababu. Watu wetu wengi hulitupa dodoso pamoja na karatasi za pizza, kisha wanashtukia mistari imepakwa. Lijaze, hata kwa dakika tano.

Ukitaka zoni ianzishwe, kusanya ushahidi: picha za mtaa huo huo saa moja asubuhi, saa tano na saa moja usiku, kwa wiki mbili. Ikiwa tatizo ni abiria wa treni, omba zoni inayofanya kazi kwa muda wa saa moja au mbili tu mchana. Inawafukuza wanaoacha magari kutwa, na jioni na wikendi ndugu zako wanakuja bila vocha. Zoni ya kutwa nzima huwatesa wakazi wenyewe.

Bei nayo inapingika. Mwaka 2011 kaunsili ya Barnet, kaskazini mwa London, ilipandisha kibali cha kwanza kutoka pauni 40 hadi 100 na vocha ya mgeni kutoka pauni 1 hadi 4. Wakazi walikwenda mahakamani, na mwaka 2013 Mahakama Kuu iliamua kwamba kaunsili haina mamlaka ya kutumia ada za vibali kama njia ya kujikusanyia mapato ya ziada. Ukiona ada imeruka, andika ukiuliza sababu yake, na uitaje kesi hiyo.

Hatua ya 8: Ukipigwa faini

Usilipe kwanza ukipanga kupinga baadaye. Malipo hufunga kesi.

1. Piga picha papo hapo: gari, mistari, kibao, vocha, na mti uliofunika kibao kama upo.
2. Ingia tovuti ya kaunsili kwa namba ya PCN uone picha za afisa.
3. Andika pingamizi la kwanza ndani ya siku 14. Katika siku hizo faini ni nusu. Ukikataliwa, kaunsili kwa kawaida hukurudishia nafasi ya kulipa nusu. Nje ya London faini kamili ni pauni 70 kwa makosa makubwa, likiwemo la kuegesha sehemu ya wakazi bila kibali, na 50 kwa madogo. London ni zaidi sana.
4. Ukikataliwa na bado unaamini uko sahihi, subiri Notice to Owner itakayotumwa kwa mwenye gari, upinge rasmi ndani ya siku 28. Kaunsili isipojibu pingamizi hilo ndani ya siku 56, inalazimika kuifuta faini.
5. Wakikataa tena, kata rufaa ndani ya siku 28: London Tribunals kwa London, Traffic Penalty Tribunal kwa kwingineko. Ni bure, hufanyika hata kwa simu au mtandaoni, na mwamuzi si mwajiriwa wa kaunsili.

Andika ukweli na tarehe. “Sikujua” haifui dafu. “Kibao kilikuwa kimegeuzwa, picha hii ya saa nane na dakika kumi” ina uzito. Zile dakika 10 za msamaha zipo, lakini ni za muda uliolipiwa au ulioruhusiwa kwisha. Aliyeegesha sehemu ya wakazi bila kibali hana dakika hata moja.

Mambo yakikwama

Jirani ameweka koni au pipa la taka kushika nafasi. Hana haki hiyo, na kuzuia barabara ni kosa. Mweleze kwa upole kwanza. Akigoma, iarifu kaunsili. Wewe pia usiweke.

Jirani anauza magari barabarani. Sheria ya mwaka 2005 inakataza mfanyabiashara kuweka barabarani magari mawili au zaidi ya kuuza yaliyo ndani ya mita 500 kutoka moja hadi jingine, na kutengeneza magari kama biashara pia. Andika namba na tarehe, ipe kaunsili.

Gari lako halina kodi, unaliandaa kulisafirisha Dar au Mombasa. Likiwa na SORN, yaani tamko rasmi kwa DVLA kwamba gari halitumiki barabarani, haliruhusiwi kukaa barabara ya umma, kibali au hakuna. Tafuta uwanja wa kulipia.

Unasafiri nyumbani mwezi mzima. Nafasi inaweza kufungwa kwa ajili ya ujenzi au mtu kuhama, kibao cha njano kikabandikwa wewe ukiwa angani, na gari likavutwa. Mwachie ufunguo mtu anayeweza kuliendesha kihalali, mwenye bima ya gari hilo, alipitie kila siku mbili.

Mzazi ana Blue Badge (kadi ya maegesho ya walemavu) na ameomba nafasi ya walemavu mbele ya nyumba. Ikipakwa, mwenye Blue Badge yeyote anaweza kuitumia. Uliza pia kama ni rasmi au ya ushauri tu, kwa maana ya ushauri haitozi mtu faini. Kwenye mistari ya njano Blue Badge hutoa muda usiozidi saa tatu, pasipokatazwa kupakia. Weka saa ya karatasi ikionyesha ulipofika.

Barua za faini zilikwenda anwani ya zamani, sasa dalali wa mahakama amefika. Usimfungulie mlango kwa pupa, wala usimpuuze. Wasiliana na Traffic Enforcement Centre iliyoko Northampton, uombe fomu TE9, na kama muda umepita, TE7 pamoja nayo. Kama kweli hukupokea Notice to Owner na ombi likakubaliwa, amri inafutwa na unarudishiwa nafasi ya kupinga. Fomu hizi ni tamko la kweli. Ukidanganya unaweza kushtakiwa kwa kuidharau mahakama. Ambatisha mkataba wa pango unaoonyesha tarehe uliyohama, na leo hii hii nenda DVLA ubadilishe anwani.